Muhali wa Boila

Siku ya tisa bila maji ya moto, Kijakazi aliamka na hasira. Hakuwa na hasira na baridi. Baridi ya Birmingham alishaizoea, miaka kumi na moja si michache. Hasira zake zilikuwa na mtu, na mtu mwenyewe amekaa jikoni kwake saa nne asubuhi anakula mkate wa ufuta, huku boila jipya, mtambo wa gesi wa kupasha moto maji na nyumba, limo ndani ya boksi na boila kuukuu limelazwa kwenye ujia, watoto wakienda skuli wanaliruka.

"Da Kijakazi, mkate wako leo umekolea," alisema Suhail.

"Ahsante. Na boila?"

"Leo, inshallah."

Jana alisema leo, juzi alisema leo. Tangu Alkhamisi ya wiki iliyopita kijana huyu anasema leo, na kila leo yake inaishia kwenye chai.

Na haraka ilikuwepo. Mama yake Kijakazi anatua kesho, Jumamosi, kutoka Unguja. Viza alinyimwa mara mbili, ya tatu ndiyo akapewa, mtu wa miaka sabini na mbili, magoti yanamsumbua, na baridi anayoijua ni ile ya kipupwe ya kujifunika shuka mbili. Chumba alichowekewa ni kile kidogo, na ndani ya kabati la chumba hicho ndimo boila lilimokaa tangu jengo lijengwe, linakohoa, linanguruma, linagonga mabomba saa lipendazo. Nani amlaze mamaake na kitu kile? Kijakazi akaamua litoke chumbani liende jikoni, na kwa vile limeshazeeka, liingie jipya. Wenye jengo walimkalisha wiki sita mpaka kumpa ruhusa ya kutoboa ukuta wa nje. Alizingoja.

Fundi wa kwanza kuja kutazama alikuwa Hemant, bwana wa makamo wa mtaa wa Perry Barr, maneno machache. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akapima ukuta wa jikoni, akatia alama ya penseli mbali kabisa na dirisha. Bomba la moshi litokee hapa, alisema, si karibu na dirisha, kwa sababu moshi wa boila una sumu isiyo rangi wala harufu. Ikirudi ndani watu hawajui, wanaumwa, na pengine wanalala wasiamke. Kisha akatoa kadi yenye picha yake, ile ambayo kila fundi wa gesi nchi hii lazima awe nayo, akamwonesha kabla hajaombwa. Kijakazi alimpenda papo hapo.

Kosa lake ni kumhadithia Bi Asmahan.

Bi Asmahan anakaa fleti ya chini, jengo hilo hilo la mtaa wa Nechells. Kijakazi alipofika mji huu, bibi harusi wa miaka ishirini na tatu, koti lake la kwanza alivishwa na Bi Asmahan. Alipojifungua mtoto wa kwanza, mamaake yuko mbali, Bi Asmahan ndiye aliyepanda ngazi siku arubaini mfululizo na uji wa pilipili manga, akamkanda, akamfunga tumbo, akambeba mtoto ili mzazi apate kulala. Na wa pili vile vile. Sasa mtu kama huyo akikukazia macho akakuuliza, "Fundi wa nini, na mwanangu Suhail yupo?" utamjibu nini?

Kijakazi alishikwa na haya ya kumkatalia mtu wa karibu. Aliona muhali. Akampigia Hemant kumwambia asije tena, na kwa Hemant, mtu asiyemjua, hakuona muhali hata kidogo. Ndivyo tulivyo. Mgeni tunamkatalia mchana kweupe. Wa kwetu akitukanyaga mguu tunamuuliza kama ameumia.

Suhail akaanza kwa mbwembwe. Siku ya kwanza aling'oa boila la zamani, kwa kuwa kung'oa ndiko kunakopendeza. Siku ya pili akagundua vifaa vya kufungia jipya hana. Siku ya tatu ana harusi mji wa Leicester. Ikaja siku ya bomba la kipimo sicho, ikaja siku ya mgongo unamuuma. Kijakazi akawa anachemsha maji kwenye masufuria, anaogesha watoto kwa zamu, na kila siku mbele ya fundi anaweka chai na kitafunio, kwani mtoto wa Bi Asmahan hakai ndani ya nyumba hii kinywa kitupu. Mumewe, Makungu, dereva wa basi, anamwambia mvumilie. Makungu alikuwa anaoga kazini. Uvumilivu ulimwia rahisi.

Ijumaa hii, basi, mkate ulipokwisha, Suhail alijifuta mikono akaingia kazini kweli. Kijakazi, yuko chumba kidogo anatandika kitanda cha mamaake, akasikia mashine inatoboa ukuta. Akashukuru Mungu. Akaja kutazama.

Tundu lilikuwa chini ya dirisha. Chini kabisa, hata shubiri haifiki.

"Suhail, alama ya penseli iko kule."

"Kule mbali, dada. Bomba lazima likate kona mbili. Hapa linatoka moja kwa moja."

"Na dirisha?"

"Dirisha musilifungue tu."

Kijakazi alimtazama ahakikishe kama anatania. Hakuwa anatania. "Jikoni kwangu," alisema polepole, "nnakaanga samaki, nnapika pilau, nisifungue dirisha maisha yangu yote, kwa sababu wewe umeona uvivu wa kukata kona mbili?"

"Si uvivu, ni utaalamu."

Hapo ndipo lilipomtoka neno alilolibana siku tisa. "Nioneshe kadi yako."

Suhail aliweka chini mashine. Alicheka kidogo, na kicheko hicho kilimwambia Kijakazi yote. Kadi inashughulikiwa, alisema. Kuna rafiki yake anayo, atakuja Jumatatu kutia saini karatasi. Watu wote wanafanya hivyo. "Nipe saa moja nikuwashie. Kesho Bi Mkubwa anaingia nyumba ina joto, anapasha miguu kwenye rediata, anakuombea dua. Au unataka aje akute barafu?"

Alijua pa kumshika. Kijakazi alitazama chumba kidogo, mablanketi mapya, mswala alioununua makusudi, mnene, kwa ajili ya magoti yale. Saa moja tu. Neno la kusema lilikuwa jepesi: haya, washa. Kisha akafikiria mamaake amelala chali chumba cha pili, na kile kisicho harufu kinaingia taratibu kwa dirishani, na watoto ukuta wa pili.

"Usiliwashe," alisema. "Kusanya vyombo vyako."

"Da Kijakazi, miye na wewe leo tunaombana kadi?"

"Kusanya, Suhail."

Alikusanya kwa makelele, kila spana inalia peke yake. Mlangoni akageuka. "Mama nitamwambia mwenyewe," alisema, akaondoka, na Kijakazi akabaki na tundu ukutani linapuliza upepo.

Alimpigia Hemant, uso umemwiva kwa haya. Hemant hakumsimanga. Aliuliza maswali mawili, akasema Jumatatu saa mbili asubuhi atakuwepo, kabla ya hapo hawezi, na hilo tundu alizibe na asiguse kitu. Kijakazi akaziba kwa mfuko na utepe wa gundi. Kisha akakaa akahesabu: Jumamosi, Jumapili, masiku mawili. Kihita cha umeme wanacho kimoja, kimewekwa kwa watoto. Ukichomeka cha pili, umeme wa nyumba nzima unakatika. Nyumba yenye joto aliyoijua, ambayo mama angeweza kupelekwa bila kutafuta teksi, ilikuwa moja tu. Ya Bi Asmahan.

Ebo, ndiyo mambo gani haya? Umfukuze mtoto wa mtu saa tano, na saa nane uende kwa mamaake kuomba malazi. Kijakazi alitia kaimati kwenye sahani, akazitoa, akazitia tena. Akashuka.

Bi Asmahan alimfungulia amevaa koti. Ndani rediata zinawaka kwelikweli, na madirisha yote mawili yako wazi, pazia linapepea, baridi ya Januari inaingia itakavyo. Kijakazi alidhani kuna kitu kimeungua jikoni. Alikaa kwenye ncha ya kochi.

"Suhail kashafika hapa?"

"Kapiga simu. Kasema umemfukuza."

"Nimemfukuza, Bi Asmahan. Nakuomba radhi wewe. Yeye simuombi." Alimwekea sahani ya kaimati mezani. "Fundi wangu anakuja Jumatatu. Mama anafika kesho na kwangu hakukaliki. Nimekuja kukuomba, alale hapa kwako masiku mawili. Unaweza kunikatalia, una haki."

Bi Asmahan aligeuka akatazama madirisha yaliyo wazi. "Mama yako asilale hapa," alisema.

Kijakazi aliyameza. Ndiyo malipo yake, nani atamlaumu mama wa watu? "Nimekufahamu," alisema, akanyanyuka.

"Kaa. Hujanifahamu." Bi Asmahan alijivuta koti. "Boila hili kalitia Suhail, mwezi wa kumi. Toka wakati huo nikiamka kichwa kinaniuma, moyo unanichafuka. Nikitoka nikenda sokoni, napoa. Nikirudi ndani, kinaanza upya. Nikifungua madirisha napata nafuu. Basi nafungua."

"Na Suhail ulimwambia?"

"Siku aliyoliwasha alinisimamisha pembeni yake akanipiga picha, akawapelekea ndugu zake wote. Boila la mama, kalitia yeye. Ningemwambia nini? Niliona muhali, mwanangu."

Miezi mitatu. Kijakazi alitaka kumpigia kelele, yeye, na mwanawe, na nafsi yake pia iliyokaa siku tisa inamwandalia mtu chai. Badala yake alikwenda jikoni, akaitafuta swichi, akalizima boila. Akamnyanyua Bi Asmahan kwa mkono, akamtoa mpaka nje mlangoni, na hapo hapo wamesimama akapiga simu ya dharura ya gesi. Akaeleza. Akaulizwa namba ya nyumba, wangapi wamo ndani, nani anaumwa na tangu lini. Kisha yule bibi wa kwenye simu akauliza ni nani aliyelifunga hilo boila, jina lake.

Kijakazi alifungua mdomo, na jina halikutoka. Uji wote ule, ngazi zote zile, siku arubaini mara mbili. Alimtazama Bi Asmahan.

Bi Asmahan alikuwa ameshafahamu kinachoulizwa. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

"Waambie ni mwanangu," alisema. "Waambie Suhail."