Mkasi wa Mkono wa Kushoto

Watu wakianza kuwasifu mafundi wa visu wa Nakivubo ya zamani, mimi huinuka nikaondoka. Wanakumbuka mlio wa nyundo, wanakumbuka visu vya kupaa samaki vilivyotengenezwa kwa springi za lori na kuuzwa mpaka kwa wavuvi wa Ggaba. Haya, wakumbuke na jinsi mafundi hao walivyokwisha. Hilo hawalitaki. Mimi bado nina hasira, na miaka haijanipunguzia kitu.

Naitwa Alum. Mume wangu Ogwal alikuwa askari, mtu wa Lango, na mwaka wa sabini na moja, serikali ilipopinduliwa, askari wa utawala mpya walimtoa kambini pamoja na wenzake wa kwetu. Hakurudi. Baada ya hapo, mwanamke kuitwa Alum, jina la Kilango, mjini kulikuwa ni kujipeleka mwenyewe kwao. Aliyenipokea ni Kaltumi, mke wa fundi Sulaimani. Wao ni Wanubi, na wakati ule watu walidhani kila Mnubi anakula na serikali. Hawa hawakula ila jasho lao. Kaltumi alinipa jina la Habibah, akanifundisha kujitanda mtandio, akaniwekea cherehani barazani kwake, hatua kumi kutoka kwenye fuawe, lile chuma ambalo mumewe alifulia visu juu yake.

Sasa, mimi natumia mkono wa kushoto. Mkasi wa kawaida hunichubua kidole gumba, na kitambaa hujikunja katikati ya makali badala ya kukatika. Nikamwomba Sulaimani anitengenezee mkasi wangu. Miezi mitatu alikataa. Alisema mkono ule si wa kazi ya heshima, na nguo watu wanavaa kwenda kuswali. Mzee yule alikuwa mbishi kupita kiasi. Halafu asubuhi moja akaja na uzi, akanipima vidole, akaenda zake.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mabapa mawili ya mkasi aliyakata kwenye kipande kimoja cha springi, ubavu kwa ubavu, ili yachakae pamoja. Aliyafua, akayatia maji, akayapiga tupa siku nne nzima. Kwa huu wangu aligeuza kila kitu, bapa la juu likaenda chini na makali yakahamia upande wa pili. Kwa kuutazama tu usingejua. Ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kufanya, naye alijua, maana kabla ya kunipa aliuweka kwanza nje mezani ili wapita njia wauone. Fundi na sifa zake.

Akapita Kapteni mmoja. Jina lake sitalitia kinywani mwangu. Tangu Wahindi wafukuzwe maduka yalikuwa matupu, mkasi mpya ungeutafuta mji mzima usiupate. Alishuka kwenye jipu, akauokota.

"Huo una mwenyewe, afande," Sulaimani akasema.

"Sasa mwenyewe ni mimi," akajibu, akaondoka nao.

Nilimrukia Sulaimani kwa maneno. Kwa nini hukumwambia ni wa kushoto? Angeuacha. Yeye akacheka tu, akasema mwache akatafune vitambaa. Nikaona ameleta mzaha, na mzaha wenyewe ni juu ya mali yangu. Siku mbili sikumsalimia.

Siku ya tatu Kapteni alirudi na askari wawili. Mkewe alikuwa ameanza kukata gauni la harusi la binti yao, na kitambaa kile, ambacho Mungu ndiye ajuaye walikipora wapi, kilikuwa kimetafunwa vibaya.

"Hii mzee nafanya hujuma," akapiga kelele kwa Kiswahili chao cha kambini. "Nauza makasi mbovu, naharibu nguo ya mtoto yangu." Kuuza, anasema. Wakambeba Sulaimani kama gunia, wakamtupa ndani ya jipu.

Kaltumi akaja barazani. "Alum," akaniita. Miaka minne hakuwahi kunitaja kwa jina hilo. "Twende ukakate mbele yake. Aone kuwa mkasi ni mzima."

Alijua anachoniomba: mtu wa Lango aingie kambini kwa miguu yake mwenyewe. Nilimkasirikia kwa kuniomba, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Nilikuwa nimekula chumvi ya nyumba ile. Nikajitanda mtandio, nikasema liwalo na liwe, tukaenda kambini.

Sulaimani alikuwa amekaa sakafuni, shati limechanika, mdomo umevimba. Aliponiona akatikisa kichwa. Nilidhani ni maumivu. Nikaomba mkasi na kipande cha kitambaa kilichobaki, nikakata kwa mkono wangu wa kushoto kutoka pindo mpaka pindo, mkato umenyooka kama uzi. Na niseme ukweli, niliona fahari.

"Mkasi ni mzima, afande," nikasema. "Ni wa kushoto tu."

Kapteni hakunitazama mimi. Alimtazama Sulaimani.

"Kumbe wewe najua," akasema. "Najua, nanyamaza, nacheka mimi."

Mpaka dakika ile Sulaimani alikuwa fundi mbovu. Wangempiga, wangemwachia. Mimi kwa mdomo wangu nilimgeuza kuwa mtu aliyemcheka afisa.

"Wewe napenda kushoto sana? Basi tunakuachia hiyo," Kapteni akasema. Wakamlaza mkono wa kulia juu ya meza, wakauponda kwa kitako cha bunduki mbele ya mkewe. Kisha mshenzi yule akanipa mkasi. "Mama, chukua yako." Hakuniuliza hata jina.

Huwezi kushika koleo na nyundo kwa mkono mmoja. Fuawe likabaki pale, kuku wakalala juu yake. Kilichobaki ni kunoa. Kila mwezi nilimpelekea mkasi wangu, maana yeye ndiye aliyetaka hivyo, akanoa kwa mkono wa kushoto, mimi nimemshikia jiwe. Kaltumi alikuwa hanisemeshi, na sikumlaumu. Mwaka mzima nilikaa na neno langu kooni, mpaka siku moja likanitoka.

"Neno moja tu, fundi. Ungemwambia siku ile kwamba ni wa kushoto, angeurudisha mezani. Leo ungekuwa na mkono wako. Mzaha gani ule?"

Hakuacha kunoa.

"Angeuliza ni wa nani," akasema. "Nakivubo nzima mshonaji wa kushoto ni mmoja, naye alikuwa amekaa pale pale mbele yake."

Nikautazama mkono wake wa kulia juu ya goti.

"Shika jiwe vizuri, dada," akasema. "Linacheza."