Gari la Verlyn Haliharibiki

Katika chama cha wenye magari-nyumba ya zamani, mtu ambaye gari lake haliharibiki hana tofauti na mtu aliyekuja msibani akipiga mluzi. Hakuna anayemfukuza, lakini hakuna anayesogeza kiti karibu naye pia.

Mtu huyo alikuwa Verlyn Hoekstra. Gari-nyumba lake lilitoka kiwandani mwaka sabini na tatu, rangi ya krimu na mstari wa kahawia ubavuni, na liliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Wenzake walifika kwenye mkutano wa kila Agosti, pale uwanja wa maonyesho ya mifugo katikati ya Nebraska, wakiwa wamevutwa, wamesukumwa au wanafuka moshi. Kuna aliyewahi kuingia getini kinyumenyume kwa sababu gia nyingine zote zilikuwa zimegoma. Wakishafika wanafunguliana injini, wanaazimana spana, wanatukanana matusi ya nguoni, kisha wanakula pamoja mpaka mikanda inalegea. Verlyn akifika anaegesha, anapima usawa wa gari kwa pima maji, anatandika zulia la nje, anakaa chini ya turubai na kufuta miwani.

Mkewe, Ardis, alikaa naye. Ardis alikuwa mpishi wa shule maisha yake yote ya kazi. Alizoea mamia ya watoto wakigonga sahani na kulalamikia maharage. Sasa alimpikia mwanamume mmoja aliyekula mkate uleule, wenye nyama ileile, saa ileile, na asilalamike hata kidogo. Ukimya ule ulikuwa unamla.

Alhamisi, wakiwa njiani kuja, Verlyn alitangaza bila kuondoa macho barabarani.

"Huu mkutano ndio wa mwisho. Nimempata mnunuzi. Atakuja Jumamosi kuliangalia gari."

"Mnunuzi? Kwani tumekosa nini?"

"Watu wenyewe hawatutaki, Ardis. Miaka yote hii, nani amewahi kuja kwetu hata kuomba chumvi?"

"Wewe umewahi kuwakaribisha?"

"Wana grisi," Verlyn alijibu, na kwake yeye hilo lilikuwa jibu kamili.

Ardis akaiona nyumba yao ya mjini wakati wa baridi: theluji hadi dirishani, televisheni inapiga kelele, na Verlyn anamsomea utabiri wa hali ya hewa kana kwamba yeye hana macho. Mikutano hii, hata kama alikaa pembeni akisikia wenzake wakicheka, ndiyo ilikuwa mahali pekee alipobaki napo pa kukaribia watu. Gari likiuzwa, basi. Alilia kidogo akiangalia mahindi yakipita, na Verlyn akafikiri ni vumbi, akafunga dirisha.

Ijumaa asubuhi Verlyn alichukua taulo akaenda kwenye mabafu ya uwanjani. Ardis akafungua kisanduku cha fyuzi chini ya dashibodi. Mumewe alikuwa amebandika jina kwenye kila fyuzi kwa herufi kubwa, kwa hiyo mke asiyejua tofauti ya kabureta na kikaango angeweza kufanya hujuma bila kuuliza mtu. Akachomoa iliyoandikwa PAMPU YA MAFUTA, akaitia kwenye sidiria, mahali ambapo Verlyn siku hizi hakuwa na safari za mara kwa mara.

Kila asubuhi Verlyn huwasha injini na kuisikiliza, kichwa kimeinama, kama daktari. Asubuhi hiyo injini iliwaka, ikanguruma kidogo, ikakohoa, ikafa. Akajaribu tena. Haikukohoa hata kidogo.

Uwanja mzima ukanyamaza. Delbert Kucera, mwenye gari la buluu upande wa pili wa njia, akaweka chini kikombe chake.

"LaVonne," alimwita mkewe polepole, "umesikia nilichosikia mimi?"

"Nenda," LaVonne akamwambia. "Nenda kabla Gaylen hajafika."

Delbert alivuka njia na boksi la vifaa, tumbo mbele, anajitahidi kuficha furaha na anashindwa. Nyuma yake akaja Gaylen, mkongwe mwembamba ambaye kwake yeye kila ugonjwa wa gari duniani unatokana na petroli kuchemka ndani ya bomba, na dawa yake ni moja tu, vibanio vya nguo vya mbao. Nyuma ya Gaylen wakaja wengine, chungu nzima.

"Fyuzi je?" Delbert aliuliza.

"Nilizikagua zote jana," Verlyn akasema. "Zote ni nzima."

Kama angelisema mtu mwingine yeyote, wangelizikagua tena. Lakini huyu alikuwa Verlyn, anayefuta hata vali za matairi kwa mswaki. Hakuna aliyethubutu kuitilia shaka kauli yake, na wakalipita kosa lenyewe kama wanavyopita kanisa siku ya Jumatatu.

Kumbe injini ya lile gari inafunguliwa kwa ndani, chini ya kifuniko kati ya viti viwili vya mbele. Maana yake ni kwamba wote waliingia ndani, juu ya zulia jeupe. Verlyn aliwavua viatu kwanza. Kufikia saa sita mchana palikuwa na wazee watano wamepiga magoti sebuleni kwa Ardis, vidole vikichungulia kwenye soksi, kila mmoja akiwa na hakika na kitu tofauti.

"Ni joto tu hili," Gaylen alisema akibana vibanio kwenye bomba la mafuta, kimoja baada ya kingine.

"Gaylen, hilo ni gari, halianikwi," Delbert akamwambia. "Toa upuuzi wako hapa. Pampu imekufa."

Delbert alikuwa na pampu mpya ndani ya boksi lake. Ameizungusha nchi nzima, milima kwa jangwa, akisubiri mwenzake aharibikiwe. LaVonne alishamwahidi kwamba akifa atazikwa nayo. Wakaifunga kwa shangwe. Verlyn akawasha. Kimya.

"Hata hii nayo mbovu!" Delbert alinong'ona, na kwa mara ya kwanza Ardis akaona mtu mzima akikiaga chombo cha chuma kwa uso wa msiba. Alimwonea huruma kweli. Lakini hakutoa ile fyuzi.

Angeitoaje? Wanawake walikuwa wameshafika na bakuli zao: nyama ya kusaga iliyofunikwa vipande vya viazi, soseji, na ile jeli ya kijani yenye karoti ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayethubutu kuja bila hiyo. LaVonne alikaa kitandani kwa Ardis na kumwambia mambo ya mkwewe ambayo hayasemeki hadharani. Na chini pale, kifudifudi, grisi imempanda mpaka sikioni, Verlyn alikuwa anacheka. Gaylen alikuwa ametoa hadithi ya choo cha gari lake kilichofunguka barabara kuu mbele ya polisi, na Verlyn akacheka hadi akagonga kichwa kwenye usukani. Ardis alifurahi mno, hata akaona aibu.

Jumamosi asubuhi walikuwa wamerudi palepale, kabureta imelala vipande vipande juu ya gazeti kwenye meza ya kulia, ndipo mnunuzi akatokea. Aliitwa Brock, kijana wa mjini mwenye suruali ya kubana, anaruka madimbwi kama paka.

"Ooh, safi sana," alisema akigonga ubavu wa gari kwa vidole. "Hapa nitakata dirisha kubwa. Vitanda natoa, jiko natoa, naweka kikaango cha mafuta. Nitauza tambi kwenye matamasha. Injini hata isipowaka si neno, nitalivuta tu."

Wazee wakaacha kazi. Delbert alimtazama kana kwamba amesikia mtu akipanga kumchinja bibi yake.

"Verl," alisema, "humpi huyu."

Verlyn alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. Uso wake ulikuwa umeshuka.

"Limekufa, Delbert. Mmeliona wenyewe. Nimewaharibia mkutano siku mbili nzima, hamjapumzika, hamjafanya lolote. Sipendi kuwa mzigo kwa watu." Akamgeukia Brock na kunyoosha mkono. Kwa watu wa huko, mkono ukishapeanwa, mambo yamekwisha. Hata mahakama haiongezi kitu.

"Usimpe mkono!" Ardis alipiga kelele.

Akaingiza mkono kifuani, mbele ya chama kizima na mbele ya Brock, akatoa ile fyuzi na kuiweka juu ya gazeti katikati ya vipande vya kabureta. Ilikuwa bado na joto.

"Nimeichomoa mimi. Jana asubuhi, ulipokwenda kuoga."

Brock akarudi nyuma hatua moja.

"Kwa nini?" Verlyn akauliza.

"Nilitaka watu waje, Verlyn. Basi. Nilitaka watu waje kwetu."

LaVonne akawageukia wanaume. "Hebu subirini. Mafundi wote hawa, siku mbili, na hamkuangalia fyuzi?"

Pakawaka moto. Delbert akasema hiyo ilikuwa kazi ya Gaylen. Gaylen akasema yeye ni mtu wa mabomba. Mwingine akasema Verlyn mwenyewe aliapa, na Delbert akarukia hapo: "Ulisema ni nzima!"

"Juzi zilikuwa nzima!" Verlyn akafoka. Kisha akavaa viatu vyake, akashuka, akaondoka kuelekea mabanda ya ng'ombe. LaVonne akampa Brock sahani ya jeli ya kijani na kumsindikiza mpaka kwenye gari lake, akiwa amemshika kiwiko kama mtuhumiwa.

Ardis alimkuta mumewe ameegemea uzio wa banda tupu.

"Umenidhalilisha," Verlyn alisema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote."

"Ndiyo, Verlyn. Nisamehe."

Akaubandua ubao rangi kwa ukucha. "Jana nilicheka," alisema hatimaye, kama mtu anayemweleza daktari dalili. "Na Delbert ananiita Verl. Hakuna aliyeniita hivyo tangu jeshini." Akafikiri. "Sasa watanicheka."

"Watakucheka mpaka uzikwe, na kaburini watakusimanga. Ndivyo wanavyofanyiana wote, hujawaona?"

Verlyn alirudi, akaiunga kabureta mwenyewe, akamrudishia Delbert pampu yake na kufunga ile ya zamani, akaipachika fyuzi na kuwasha. Injini ikaimba. Wazee waliokuwa wamesimama mlangoni wakaguna kwa masikitiko, wakampiga bega, wakamtania kidogo, kisha mmoja mmoja wakaondoka, kwa sababu upande wa pili wa uwanja tangi la maji la mtu lilikuwa limepasuka. Jioni Hoekstra wawili walikula peke yao. Verlyn alikuwa anautazama mlango.

"Wameondoka," alisema.

"Gari limepona," Ardis akamjibu, na akaosha vyombo. Hakuthubutu kumuuliza kama bado ataliuza. Alijua kwamba ujanja wake umefika mwisho, na kwamba mtu hawezi kuishi kwa kuchomoa fyuzi.

Jumapili waliondoka wa kwanza, kama kawaida yao. Barabara ilikuwa nyoofu, mahindi huku na huku, injini haina hata kikohozi. Walipofika mahali pasipo na nyumba wala mti, Verlyn akawasha taa ya pembeni, akapunguza mwendo, akaingia kwenye changarawe na kuzima.

"Kuna nini?" Ardis akauliza. "Verlyn? Unaumwa?"

Verlyn alishuka. Akaja mbele, akainua kifuniko cha puani, cha rejeta, na kukitegemeza kwa kijiti. Akaweka pembetatu nyekundu barabarani, umbali unaotakiwa na sheria, maana yeye ni yeye. Kisha akafungua buti na kutoa viti, vile vya kukunja, na stuli ya bafuni, na masanduku mawili ya soda ambayo aliyapindua na kuyafuta vumbi kwa leso. Akavipanga vyote kwenye majani, kwa duara.

"Bandika kahawa," alimwambia mkewe. "Birika lile kubwa."

Ardis alibaki na mkono mdomoni. Nyuma huko barabarani alikuwa ameshaliona gari la buluu likija na moshi wake. Kwa watu hawa, hata kama mmegombana, hata kama una haraka ya kwenda kuzika, hulipiti gari-nyumba lililoinua kifuniko. Delbert hakulipita. Alifunga breki changarawe ikaruka, akashuka spana ikiwa tayari mkononi, na uso wake, Mungu amsamehe, ulikuwa wa bwana harusi. Nyuma yake Gaylen naye alikuwa anaegesha, na nyuma ya Gaylen msururu mzima ukaanza kuwasha taa za pembeni.

"Verl!" Delbert aliita. "Lina nini tena?"

Verlyn Hoekstra alijifuta mikono, ambayo ilikuwa safi kabisa, akasogea kando kumpisha.

"Sijui," alisema. "Njoo uniangalizie."