Safu Mbili za Bi Zamda

Adinani alikuwa mtu wa kuwaka. Pale Kanyenye, ukimkosoa mizani ya shairi hadharani saa nne, saa kumi umeshatungiwa beti sita, na kila ubeti una kofi lake. Hakufundishwa na mtu. Vina alijifunza mwenyewe huku akichomelea mageti, na hakukubali mtu asahau hilo. Lakini tangu mama yake, Bi Zamda, azikwe, moto ule ulikuwa umezimika bila hata kutoa moshi. Ugali aliletewa akala. Alipoulizwa kama mboga ina chumvi, hakujua.

Siku ya tatu ya matanga alisimama mbele ya ukoo akatangaza kuwa mashairi thelathini na manne ya marehemu yatakuwa kitabu cha kwenye simu, na siku ya arobaini kila mmoja atakuwa nacho, awe Igunga, awe Dar. Watu wakaitikia kwa vichwa. Baba yake, Mzee Twalibu, fundi cherehani ambaye macho yalimwacha mwaka wa tatu sasa, akauliza kutoka kwenye mkeka wake:

"Na mimi nitakisomaje?"

"Simu itakusomea kwa sauti, baba."

"Hata lile alilonichamba mimi?"

"Hata hilo."

Mzee hakuuliza tena, ila kila asubuhi alipoamkiwa shikamoo, alijibu marahaba kisha akasema: "Bado?"

Sasa ilikuwa Alhamisi, na arobaini ni Jumamosi. Adinani aliketi kwenye stesheneri ya Tunu, ambako watu walipiga chapa barua na kutoa nakala za vyeti. Tunu alikuwa Mzaramo aliyeolewa Tabora, na hakuna aliyejua kama yeye kugeuza faili la kawaida liwe kitabu cha simu.

"Mnyamwezi, ukinuna hivyo faili litaogopa kufunguka," alisema Tunu. "Mama wa watu umempigia kelele za vina mpaka kakimbilia kaburini. Sasa umekuja kunimaliza mimi?"

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri nakala zake alishtuka. "Mwenzio kafiwa, wewe!"

"Ni mtani wangu," Adinani alisema. "Mwache."

Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu babu zao walipokutana njiani na mizigo ya pembe vichwani, na msibani ndipo utani hunoga. Adinani alijua kwamba hapo alitakiwa kucheka, au kumrudishia tusi lenye vina. Alitafuta moyoni, hakupata kitu.

"Limeshageuka?" aliuliza.

"Limegeuka."

"Bonyeza pa kuchapisha."

"Sibonyezi kitu sijakihakiki. Kwenye kompyuta kitabu kinaweza kuvaa suti, kikifika kwenye simu kinatembea uchi."

"Dada Tunu, faili hilo nimelipanga mimi. Nimelipanga kama daftari la mama lilivyo, safu mbili, kipande cha kushoto na kipande cha kulia. Wiki nne! Hakuna herufi iliyokosea mahali."

Alisikia sauti yake ikipanda kama zamani, lakini aliisikiliza kama ya mtu anayegombana nyumba ya pili.

Tunu hakubishana. Alichomeka simu ndogo, akalifungua faili humo, akagusa alama ya spika. Sauti ya kike isiyo na furaha wala huzuni ikaanza kusoma:

"Fundi uniwashe taa. Duka lako limejaa. Mke wako naduwaa. Nguo za watu zakaa."

Ikaendelea hivyo hivyo hadi ubeti wa tano, vipande vya kushoto tupu. Kisha ikarudi juu:

"Nione unachoshona. Wateja wa kila jina. Mlangoni nimenuna. Yangu bado sijaona."

"Zima," alisema Adinani.

"Umeona? Simu haina safu mbili. Imeshusha ya kushoto mpaka chini, halafu ndiyo imeanza ya kulia." Tunu alimtazama. "Wewe ulipokuwa unachapa, ulichapaje?"

"Hivyo hivyo. Nilimaliza kushoto, ndipo nikahamia kulia."

"Mashairi yote?"

"Yote."

"Kwa hiyo hukusoma hata mshororo mmoja mzima."

Adinani aliitazama rula iliyokuwa mezani. Wiki nne alikuwa amefunika upande mmoja wa daftari kwa rula na kuchapa nusunusu, akijiambia kuwa ni kwa ajili ya unadhifu. Nusu mstari haikusema kitu. Iliingia machoni ikatokea vidoleni, na mwandiko wa mama haukumfikia.

"Nikibonyeza hivi hivi, Jumamosi kitakuwepo," Tunu alisema, safari hii bila utani. "Ukoo utafungua, utaona jina na picha ya marehemu, utapiga vigelegele. Wengi hawatafika ukurasa wa pili. Chaguo ni lako, malenga."

"Baba atasikiliza."

"Ndiyo. Baba atasikiliza."

"Kuunganisha kunachukua muda gani?"

"Inabidi mtu asome daftari kwa sauti, mshororo mzima, mimi nichape upya. Mashairi thelathini na manne? Hadi Jumamosi hatufiki hata nusu."

Adinani alitoa daftari mfukoni mwa koti, akalifungua katikati ya meza. Rula hakuichukua.

"Fundi uniwashe taa, nione unachoshona," alisoma. Vidole vya Tunu vikaanza kugonga. "Duka lako limejaa, wateja wa kila jina. Mke wako naduwaa, mlangoni nimenuna. Nguo za watu zakaa, yangu bado sijaona."

Hakulia. Alisubiri kulia kama anayesubiri umeme urudi, haukurudi, akasoma ubeti wa pili.

Ijumaa baada ya swala alifika nyumbani Chemchem na simu yenye mashairi saba yaliyohakikiwa. Alikaa mkekani, akamwekea baba yake simu karibu na sikio. Sauti ile ikasoma, safari hii mstari kwa mstari. Mzee Twalibu alisikiliza akiwa amekunja uso, kama anayekagua mshono kwa vidole.

"Maneno ni yake," alisema mwishowe. "Lakini huyu binti anakimbizwa na nani? Mama yako alikuwa anatua katikati. Anakutazama kwanza, ndipo anakumalizia."

"Ni mashine, baba."

"Soma wewe."

Adinani alifungua daftari. Sauti yake ilitoka kavu, bapa, haina tofauti kubwa na ile ya simu. Lakini alipofika katikati ya mshororo alitua. Mzee alikuwa ameinua uso, anangoja. Akammalizia.

"Enhe," alisema Mzee Twalibu. "La pili."

Alisoma la pili, na la tatu. Alipofika la nane, ambalo Tunu hakuwa ameligusa, hakusimama. Kati ya ubeti na ubeti alikuwa akiipanga ile sentensi ya kesho, ya kuuambia ukoo kwamba kitabu hakijawa tayari na kosa ni lake. Hakuitafutia vina.