Mkanda wa Chembe ya Kijani

Usiku wa kuamkia Jumatano niliota nimesimama ndani ya jani la mrehani wa marehemu mke wangu, Mwanahija. Aliuotesha kwenye kopo la rangi kabla hajaugua. Mwezi huu mrehani umeanza kugeuka njano, na ndicho kitu pekee chenye uhai alichoniachia.

Ndani ya jani kuna chumba kimejaa maji, na humo iko chembe moja ya kijani, imenenepa, inahema.

"Shikamoo babu," inasema. "Mimi ndiye mpishi wa jani hili. Wenzangu wamekwisha. Leo inabidi nigawanyike tuwe wawili, kesho wanne. Nasubiri mkanda wa kunibana kiunoni."

"Anao nani?"

"Kiini, mkubwa wa chumba hiki. Mikanda inaagizwa na kiini."

Nikaguna. Kugeuka, chumba kimekuwa ofisi. Dirishani amekaa karani: ni muhuri mtupu, umevaa miwani.

"Mkubwa yuko semina," muhuri unasema. "Rudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo jani litakuwa limeanguka."

"Basi andika barua."

Maneno hayohayo niliambiwa hospitali, Mwanahija kalala kwenye benchi, tunangoja sahihi ya mkubwa ili apelekwe mjini. Siku ile nilingoja. Safari hii sikungoja, nikairudia chembe.

Nilikuwa nimejifunika kanga ya Mwanahija. Nikaisokota kama kibwebwe, nikaizungusha kwenye kiuno cha chembe, nikapiga fundo.

"Fundo la nini, babu? Mkanda wetu hauna fundo, unazidi kufupika tu. Vuta. Wewe kaza kwa nje, mimi nakaza kwa ndani."

Navuta. Kiuno kinaingia, kinaingia, chembe inakuwa kama kibuyu.

"Inauma?"

"Hapana. Mbona unalia wewe?"

"Mimi nilikatwa hivi. Nikabaki nusu."

"Sisi hatubaki nusu, babu. Kila mmoja anaondoka mzima. Vuta, usinihurumie."

Nikavuta. Ikaachia. Zikawa mbili, ndogo, nzima nzima, na papo hapo zikaanza kubishana.

"Mimi ndiye mkubwa."

"Ukubwa wa wapi? Si tumezaliwa sasa hivi?"

"Humu hatutaki wakubwa," nikaziambia. "Nendeni mkapike."

Nikaamka, kumepambazuka. Nikatoka kwenda kuutazama mrehani. Bado njano, ila jani moja la juu limeanza kurudia ukijani kando ya mshipa. Nikataka kulishika, ndipo nikaviona viganja vyangu: vina mistari ya kijani, pale nilipokuwa navuta. Nimenawa mara mbili kwa sabuni. Haitoki, na sasa nimeacha kuisugua.