Mama Anayesoma Taarifa ya Habari

Nilipoonyesha filamu yangu ya kwanza katika ukumbi wa kata, Kwashemshi, watazamaji kumi waliondoka kabla haijaisha. Mama Emiliana, muuza maharage sokoni, alibaki akicheka.

"Asnath mwanangu, mama gani anamgombeza mtoto kama anasoma taarifa ya habari?"

Nilikasirika. Nilitaka kumweleza kwamba mazungumzo yale mhadhiri wangu aliyasifu, lakini nikakumbuka kwamba hata mama yangu hajawahi kunigombeza hivyo.

"Wewe ungemwambiaje mtoto ambaye hajaleta maji?"

"'Wee! Maji yako wapi?' Angekimbia mwenyewe kisimani."

Nikampa nafasi ya kuigiza yule mama, bila karatasi ya maneno, tukapiga filamu upya. Tulipoonyesha tena, wateja wake walijaa ukumbini ili wamcheke, wakakaa hadi mwisho.