Kushoto kwa Mwenyekiti

Tangu walipoiacha lami ya barabara ya Mombasa na kushika njia ya vumbi, Mama Waringa hakuwa amenyamaza. Alikaa kushoto kwa mumewe, mkono mmoja ameshika chuma kilichokuwa mbele yake, macho ameyakaza njiani, na mdomo wake ukitoa maneno mafupimafupi kama fundi anayejisemea akishona.

"Jiwe, kushoto. Mtaro unakuja. Kaa katikati. Hapo, sawa. Mbuzi."

Landrova ilimkwepa mbuzi, ikaendelea kunguruma.

Nyuma yao, Wasike alikuwa amebanwa kati ya madebe ya maji na hema lililokunjwa. Gari lake mwenyewe alikuwa ameliacha Makadara, limeinuliwa juu ya mawe, giaboksi limefunguliwa, na ndiyo sababu alisafiri siku hiyo kwa hisani ya mtu ambaye yeye mwenyewe alitaka kumpindua uenyekitini. Alimtazama Mzee Bedan kisogoni, akamwonea huruma iliyochanganyika na dharau. Mwanamume aliyeianzisha klabu hii ya magari, leo anaonyeshwa mbuzi na mkewe!

Na kweli Bedan Mbuthia ndiye aliyeianzisha. Zamani hizo magari ya namna ile yalikuwa ya maaskari wa mbuga, wakuu wa wilaya na wazungu wenye mashamba. Mtu wa mitaa ya wafanyakazi kama Bahati au Jericho aliyajua kwa vumbi yalilomwachia. Bedan, mpiga chapa katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, alikwenda kwenye mnada wa serikali akarudi na Landrova isiyo na milango wala viti, inavutwa kwa kamba. Majirani walitoka nje kuja kucheka. Jioni baada ya jioni alilala chini yake mbele ya nyumba yake pale Bahati, miguu tu ikionekana, hadi Jumamosi moja ikanguruma. Siku hiyo hakwenda baa kujisifu. Aliwapakia watoto wa majirani, akawapandisha milima ya Ngong wakautazame mji wao kutoka juu. Waliporudi, waliokuwa wakicheka walikuja wakauliza mnada mwingine ni lini.

Sasa klabu ilikuwa na magari manne. Kila baada ya miezi michache watu wa viwandani, wa sokoni na wa reli walifunga safari na wake zao, wakaenda kupiga kambi nyikani kama watu wenye nchi yao.

Wasike aliyajua yote hayo na aliyaheshimu. Lakini aliamini kwamba aliyepanda mti si lazima akalie kivuli chake peke yake. Aliitaka klabu ishindane, iandikwe magazetini, itambulike. Alikuwa amekwisha kuzungumza na Lusweti na Kinyanjui, na wote wawili walimkubalia. Kura ya mwenyekiti ingepigwa kesho yake, Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Alasiri walifika kwenye mto wa mchanga, mkavu, mpana kama kiwanja cha mpira. Waliuvuka bila taabu, wakapiga kambi ng'ambo, penye migunga. Wanaume wakasimamisha mahema, kina mama wakawasha moto. Harufu ya moshi ikawapa njaa na uchangamfu kwa pamoja.

Mzee Bedan alikuwa na desturi yake: birika la kwanza la kambi alilimimina mwenyewe, akampa kila mtu kikombe kwa mkono wake. Wasike alisimama karibu akingoja zamu yake. Akaliona birika likiinama, na chai ikianza kumwagika chini, kando ya kikombe. Hapo Mama Waringa, bila kukatiza mazungumzo aliyokuwa nayo na mke wa Kinyanjui, akakisogeza kikombe kushoto kwa vidole viwili, chai ikaingia ndani. Hakuna aliyegeuka. Bedan alikiinua kikombe akamnyoshea Wasike, na alipomnyoshea alikuwa akitazama penye bega lake.

Chai ile Wasike hakuinywa. Jiwe, mtaro, mbuzi: maneno yote aliyoyadhania kuwa ni ubishi wa mke yalimrudia, yakajipanga upya. Kwanza akapandwa na hasira. Safari nzima nyuma ya mtu asiyeona! Kisha, polepole, hasira ikampisha mgeni mwingine aliyekuwa mtamu zaidi. Kesho asingehitaji hotuba. Neno moja tu mbele ya wanachama, na kiti ni chake.

Alimkuta Mama Waringa mtoni, amechutama kando ya kishimo alichokichimba, akisugua sufuria kwa mchanga.

"Mama Waringa," akasema, "mzee haoni."

Hakushtuka. Alisugua mpaka doa likatoka, ndipo akainua uso.

"Jicho la kushoto halina kitu. La kulia anachungulia, kama mtu anayetazama ndani ya bomba. Daktari amesema hata hilo litafungika."

"Na bado mnapakia watu."

"Bado," alijibu. "Hilo ni kosa letu, sitakudanganya. Kila safari tunasema ni ya mwisho. Halafu namwona Ijumaa jioni anavyoipangusa ile gari, nami nakuwa dhaifu." Aliisuuza sufuria. "Unadhani ananisikia mimi kwa kuwa mimi ni mjanja? Kumkubali mtu awe macho yako, na wewe ndiye uliyewaonyesha watu wote njia, si kazi ndogo. Mimi nisingeiweza."

"Wanachama watajua, mama."

"Wajue. Ila wewe nenda kwake kwanza. Ukitaka kumwangusha mtu, mwangushe akikuona."

Alijutia neno hilo la mwisho, akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Wasike akachukua sufuria zake mbili akamsaidia kuzipandisha kambini. Huko milimani, upande wa Machakos, mawingu yalikuwa yamekaa meusi.

Asubuhi mto haukuwa mkavu tena. Haukujaa, lakini utandu wa maji ya rangi ya kahawia ulikuwa ukiteleza juu ya mchanga, na mchanga wenyewe ulikuwa umelegea. Wote walisimama ukingoni wakiangalia njia pekee ya kurudi nyumbani. Wasike akamvuta Mzee Bedan kando, nyuma ya mahema. Alikuwa ameandaa maneno mengi makali. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mzee, leo usiendeshe."

Bedan aliugeuza uso wote, jinsi alivyofanya siku zote, na Wasike akatambua kwa mara ya kwanza kwamba heshima ile aliyoipenda, ya mzee kumgeukia mtu mzimamzima anapozungumza naye, ilikuwa ni namna ya kumtafuta.

"Nimekuwa nikingoja mmoja wenu aniambie," Bedan akasema. "Mke wangu ameniambia, lakini mke huniambia kwa upendo, na upendo unabembelezeka. Nilitaka nisikie kwa mtu asiyenipenda sana."

"Si kwamba sikupendi, mzee."

"Najua unakitaka kiti. Si dhambi. Mimi pia niliwahi kutaka kitu ambacho watu walisema si changu."

Kwenye mkutano Bedan hakumngoja mtu. Alisimama, akaeleza habari za macho yake kwa sauti ileile aliyozoea kuelezea mahali pa kununua dizeli. Akaomba radhi kwa safari zote alizowabeba akiwa hivyo, hakutafuta kisingizio. Akasema kiti anakiacha, na kwa maoni yake Wasike anafaa. Mikono ikainuliwa kimya, mmoja baada ya mwingine. Wasike alikuwa ameota siku hiyo ikiwa na makofi. Sasa alitazama vidole vya miguu yake.

"Basi, mwenyekiti," Lusweti akamwambia, "shika usukani wa gari la mzee utuvushe."

Bedan akatoa ufunguo mfukoni. Lakini mkono wake haukwenda kwa Wasike. Ulikwenda kushoto, ukamkuta mkewe hapo alipokuwa siku zote.

"Mke wangu Jecinta ana leseni," alisema. "Ameipata mwezi uliopita. Tumekuwa tukijifunza kila Jumapili kule viwanja vya Doonholm, watu wakituzomea."

Mama Waringa alijifunga leso kiunoni, akapanda upande wa kulia. Bedan akazunguka kwa kuipapasa boneti, akapanda upande wa kushoto. Wengine wote walibaki nje ili gari liwe jepesi.

Madirisha yalikuwa wazi, na kutoka ukingoni Wasike aliwasikia. "Maji yanakatiza toka kulia," mke alisema. "Mbele pana rangi nyeusi." "Hapo ni laini," mume akajibu. "Pita upande wake wa juu kidogo. Usibadilishe gia. Usiogope likiyumba, liachie lijitafutie." Landrova ikaingia majini. Katikati ikazama upande mmoja, magurudumu yakarusha matope, ikasimama kama inayofikiri. "Unasikia inavyolia?" Bedan akapaza sauti, bado mpole kama mtu aliye sebuleni kwake. "Bado ina nguvu. Kanyaga, mama, taratibu." Ikatikisika, ikajinyanyua, ikapanda ukingo wa pili maji yakichuruzika.

Kina mama wakapiga vigelegele. Wasike alijikuta akipiga makofi. Alikuwa amewaza mara nyingi jinsi mtu anavyokipata kiti. Hakuwahi kuwaza jinsi kinavyoachwa.

"Mwenyekiti," Lusweti alimgeukia, "sisi tupitie wapi?"

Ilimchukua muda kujua kwamba anaulizwa yeye. Ng'ambo, Bedan alikuwa ameshuka, amesimama peke yake na mkono juu, akiwaamkia, ila uso wake ulielekea upande wa chini wa mto, mahali pasipokuwa na mtu. Wasike akainua wa kwake. Akaushusha. Kisha akavua viatu, akakunja suruali, akateremka majini kwa miguu ili ausikilize mchanga, huku akimwita mzee kwa sauti, ajue wako upande gani.