Konji ya Ruffin Mudogo

Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mhandisi Ruffin alikuwa amepanga mezani glasi sita za maji ya ziwa, kila moja na kipimo chake cha dawa, akisubiri kuona ipi itatakata kwanza. Kazi hiyo ya kusafisha maji ya mji wa Kalemie alikuwa ameifanya miaka kumi na minane. Glasi ya kwanza kila siku, kabla mabomba hayajafunguliwa, aliinywa yeye. Hakumwachia mtu mwingine nafasi hiyo hata siku moja, na wenzake walidhani ni majivuno.

Glasi ya nne ilipoanza kutakata, mlango ulifunguliwa akaingia yeye mwenyewe, mwenye miaka ishirini na mmoja, amevaa magwanda ya jeshi.

“Njo mimi, Muzee,” kijana alisema. “Wamenipa konji ya wiki tatu.”

Ruffin hakukumbuka kuwahi kupewa likizo katika vita ile. Alitazama mikono ya kijana, akaona ni yake, ila ilikuwa bado haijaanza kutetemeka. Akamuuliza katoka wapi.

“Nyunzu. Nimepanda treni ya mizigo.”

Treni ile ilijulikana kwa kuchelewa, kwa hiyo Ruffin hakuuliza zaidi. Alimpeleka nyumbani.

Mkewe, Philomène, aliongeza unga kwenye ugali wa bukari. Yeye aliolewa miaka mitano baada ya vita, akampata mume aliyekwisha kuwa mtu wa kunyamaza, mtu anayeosha glasi moja mara tatu. Alikuwa amezoea. Sasa alikaa mezani na mtu mwenye uso uleule anayecheka mdomo umejaa chakula, anayemsifia samaki wake wa mikebuka, anayempokea sufuria ya moto kabla hajaomba. Mtoto wao Elodie, mwenye miaka kumi na minne, alimpa jina la Ruffin Mudogo. Kufikia Jumapili nyumba nzima ilimwita hivyo, na Ruffin wa siku zote akabaki bila jina la maana.

Wivu ulimshika siku hiyohiyo. Tuseme ukweli, ulimshika vibaya. Mtu akiibiwa mke na jirani, watu humwonea huruma. Ruffin angemlalamikia nani, na kwa maneno gani? Kijana aliimba akioga. Alilala fofofo, mikono kifuani, kama mtu asiye na deni na Mungu. Philomène alianza kuvaa kitenge chake cha sikukuu siku za kazi, naye Ruffin, aliyekuwa hajakiona kitenge hicho tangu ubatizo wa Elodie, alikihesabia kila mkunjo.

Wiki ya pili, Célestine muuza makaa alikuja mlangoni na mume wake na vijana wawili wenye ndevu. Célestine aliishi upande wa Katanika pamoja na waliokimbia vita, na tangu wamfahamu alikuwa anakuja peke yake. Sasa walikuwa wanne, kila mmoja na gunia.

“Si ulikuwa mujane, Mama?” Philomène aliuliza.

“Nilikuwa,” Célestine alisema. “Sasa hapana. Hawa njo watoto wangu.”

Philomène aliwasalimu wote kwa mkono, akauliza kama makaa ni makavu.

Ruffin aliwaona kutoka dirishani. Aliijua familia ile. Ilikuwa ya kijiji kimoja kwenye njia ya Nyunzu, chenye kisima kirefu. Wakati wa vita kamanda alimwita, kwa kuwa ndiye askari pekee aliyekuwa amesoma kemia, akamwamuru atie dawa katika kisima kile ili adui asipate maji. Adui alipita njia nyingine. Wanakijiji walirudi kutoka porini na kiu yao. Ruffin alikuwa hajamwambia mtu jambo hilo. Na huyu kijana aliyekuwa anamfundisha Elodie kupiga mluzi sebuleni alikuwa bado hajalifanya.

Jumatatu ya wiki ya tatu kijana alifunga begi. Philomène alimvuta mumewe jikoni.

“Papa Elodie, kuna kitu ulifanya kule. Sikuulizi ni nini. Umuambie asifanye.”

“Nitamuambia.”

Philomène akatoa shati la harusi la Ruffin, lililokuwa limembana siku nyingi, akalikunja begini mwa kijana. Kisha akalia. Ruffin alikuwa amesafiri mara nyingi, Manono, Lubumbashi, mara moja hata Kigoma, na hakuwahi kuliliwa.

Ruffin na kijana walifika mapema kwenye kituo cha gari moshi. Walikaa juu ya begi, bega kwa bega. Ruffin alikuwa na maneno tayari mdomoni, maneno mawili tu: usiguse kisima.

“Muzee,” kijana alisema, “ile bibi yako ni muzuri sana. Vita ikiisha nitarudi kumutafuta.”

Ruffin aliiona nyumba yake palepale: kijana huyu amerudi na mikono isiyotetemeka, amekaa kwenye kiti, Philomène amevaa kitenge, Elodie anacheka. Alijitafuta yeye mwenyewe katika nyumba hiyo, chumba hadi chumba, hakujikuta popote.

“Kuna kitu ulitaka kuniambia?” kijana aliuliza.

“Ufunge vizuri kamba za buti.”

Treni ikaondoka na kijana, siku hiyo kwa saa yake kamili.

“Ulimuambia?” Philomène aliuliza aliporudi.

“Nilimuambia.”

“Alisema atarudi?”

“Hakusema.”

Alhamisi Célestine alikuja na gunia kichwani, peke yake. Philomène alichungulia nyuma yake, akatazama barabara yote.

“Mama, watoto wako wapi?”

“Watoto gani, Mama?” Célestine alimshangaa mwenzake kidogo. “Si nilikuambia? Mume, watoto, wote walikufa kwa maji ya kisima, mwaka ule wa vita.”

Philomène aligeuka, akamtazama mumewe. Ruffin alikuwa tayari amesimama kumsaidia mgeni kushusha mzigo. Alishusha gunia, akaliegemeza ukutani, akafuta mikono.

“Asante, Papa,” Célestine alisema. “Jua ni kali. Naomba maji.”

Ruffin aliosha glasi mara tatu, akamjazia. Célestine alikunywa yote akiwa amesimama, akamrudishia glasi, akaomba nyingine.